Shati la Baba na Mkunga Aliyeitwa Mkanda

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chiriku alipita sebuleni kumjulia hali Mkanda. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mkanda naye alikuwa mkunga wa mtoni, samaki mrefu mweusi, mwenye kung'aa kama mkanda mpya wa suruali. Baba alimwokota kwenye mfereji uliokuwa ukikauka. Kwa kuwa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, alimtengenezea tangi la kioo kwa mikono yake, akatia kipande cha bomba ndani ili mgeni apate chumba cha kulala.

Kisha baba akaitwa kazini, mbali sana, kwenye ujenzi wa daraja. Siku ya kuondoka aliinama mlangoni akamwambia Chiriku, "Nakuachia Mkanda, mama yangu. Mlishe, mtazame, mpigie soga utakavyo. Ila usimshike."

Tangu hapo nyumba ilipwaya kama kiatu cha kuazima. Kaka yake Chiriku alijaribu kukalia kiti cha baba, lakini hakukijaza.

Asubuhi hiyo Mkanda alikuwa amelala nje ya bomba lake, ubavu juu. Katikati ya mwili wake palikuwa na kitu cheupe kama nyuzi za pamba. Minyoo aliyolishwa jana ilikuwa bado chini, haijaguswa.

"Mama! Mkanda hajala tena!"

"Amechoka kusikiliza hadithi zako," kaka alisema huku akifunga kamba za viatu. Kisha akasogea, akachungulia tangini, na utani ukamkauka mdomoni.

Mama aliacha cherehani na nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano. Wakamhamishia Mkanda kwenye ndoo yenye kifuniko, pamoja na maji yake, wakampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Alifunua ndoo akaguna. "Leo nimeletewa mgonjwa asiyebweka wala kulia. Haya, mwanangu, wewe ndiye mdomo wake. Mmeosha tangi kwa sabuni?"

"Hapana, daktari."

"Mmemletea samaki mwenzake?"

"Hapana."

"Kuna kitu chenye ncha humo ndani cha kumkwaruza?"

"Hapana."

"Kuna mtu anayemtoa majini?"

Chiriku alitazama vidole vyake. "Hapana."

Mama alimtupia jicho. Chiriku mzima, kujibu kwa neno moja moja?

Daktari alilowesha mikono, akamwinua Mkanda kidogo. "Ajabu. Kidonda kimemzunguka kama pete, hapa katikati tu. Kama hakuna kilichomgusa, basi nashuku wadudu wa majini. Nitampa dawa kali. Lakini ngozi ya mkunga ni laini mno. Ikiwa si wadudu, dawa yenyewe yaweza kumuua." Akanyoosha mkono kuichukua chupa.

Chiriku aliiona chupa ikifunguliwa.

"Usimpe!" alilia. "Ni mimi! Ninamtoa kila jioni. Ninamfunga kwenye shati la baba la kazini, ninampakata. Shati linanuka chuma, kama baba. Mkanda akitikisika ndani yake, ninaona kama… kama baba yupo."

Mama alifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake, akajifanya anafuta jasho.

Daktari alifunga chupa. "Ahsante, mwanangu. Sasa umemtibu nusu. Mkunga amevikwa ute mwili mzima. Huo ndio ukuta wake. Shati kavu linaufuta, kuvu inapata mlango, inaota. Hiyo pamba unayoiona ni kuvu."

"Atakufa?"

"Tutajaribu asife. Kila siku mtamwogesha kwenye maji ya chumvi kidogo, nitawaonyesha kipimo. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo wazi kwanza, dawa ya kusafishia maji iishe nguvu. Funikeni tangi, apate giza. Na mikono iwe mbali."

Kuacha kumshika kulikuwa kugumu kuliko kazi yote. Jioni zilipofika Chiriku alikaa juu ya mikono yake mwenyewe mbele ya tangi. Kidogo kidogo ile pamba ilipukutika, ngozi ikaanza kurudisha weusi wake. Kisha jioni moja kichwa kikachomoza bombani, mnyoo ukatoweka.

"Amekula!" Chiriku alipiga kelele, na kaka akaruka kuliko yeye.

Jumapili baba alipiga simu. Chiriku hakusubiri kuulizwa. Alieleza yote, shati, uongo, na ile chupa, kisha akangoja kukaripiwa.

"Mama yangu," baba alisema, "unakumbuka utepe wako mwekundu uliopotea? Niliuchukua mimi. Nimeushikashika mpaka umekwisha rangi. Kwa hiyo sote tuna kesi."

Chiriku alicheka huku machozi yakimshuka. "Utarudi lini?"

"Daraja likifika ng'ambo."

Baada ya simu, mama alimketisha karibu. "Kumkumbuka baba si kosa, mwanangu. Hata mimi namkumbuka. Lakini ukipenda kitu, tazama kinahitaji nini, si wewe unataka nini. Na ukikosea, sema mapema. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ile ulipofungua mdomo, ndipo Mkanda alipopata dawa."

Akalikunja lile shati, akaliweka juu ya mto wa Chiriku. "Hili lishike upendavyo. Halina ute."

Usiku ule Chiriku alilala shavu lake likiwa kwenye harufu ya chuma. Sebuleni, chini ya blanketi lililofunika tangi, Mkanda alijikunja ndani ya bomba ambalo baba alimkatia.