Ukimwona Mama, Usisimame

Siku ya soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, mtu mwenye akili zake hapandi baiskeli. Hushuka, akaisukuma pole pole kati ya mikungu ya ndizi na akina mama wauza viazi, akiomba njia kama wenzake. Ogweno hakuwa mtu wa kushuka. Alikuwa fundi wa miwani katika duka moja karibu na stendi, kijana wa Homa Bay, kule ziwani, mrefu, mweusi wa kung'aa, na Alhamisi hiyo alikuwa na shati jeupe la kazini na tai aliyoitupa begani isiingie kwenye gurudumu. Tai aliikumbuka. Gauni la watu hakulikumbuka.

Krrr! Baiskeli ikagoma. Pindo la gauni la satini, rangi ya dhahabu, lilikuwa limekwisha kumezwa na mnyororo.

"Woi! Gauni la bi harusi wangu!"

Aliyepiga kelele ni Mokeira, fundi cherehani, aliyekuwa akilivusha gauni hilo kutoka kibandani kwake kwenda kulipiga pasi. Alivaa sketi ya kitenge cha buluu iliyomkaa barabara, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, na hasira ilimpendeza. Sisemi uongo, kuna wanawake hasira huwapendeza.

"Wewe huna macho?"

"Ninayo. Hata miwani nauza."

"Basi jiuzie moja!"

Soko zima likacheka. Ogweno akapiga magoti kwenye tope, shati jeupe na yote, akaanza kuchomoa satini uzi kwa uzi. Pindo lilitoka na grisi kama mkono wa makanika.

"Harusi ni Jumapili," Mokeira alisema, na sasa sauti ilikuwa ya kilio. "Nitamwambia nini mwenyewe?"

"Mwambie kuna mjinga mmoja amekwenda kununua satini nyingine."

Akaenda kweli, akarudi nayo, akakaa kwenye stuli ya kibanda cha Mokeira alasiri nzima akimshikilia kitambaa. Jua halijashuka, alikuwa na namba yake ya simu. Watu wa ziwani, mdomo wanao, na huyu alikuwa na moyo pia.

Yakaanza ya simu. Asubuhi simu, mchana simu.

"Jaber," alikuwa akimwita, yaani mrembo kwa Kijaluo. "Umekula?"

"Nimekula. Na wewe, Bwana Miwani?"

"Nimekula macho tu. Kila mteja nikimpima namwona wewe."

"Ai, uongo huo! Rudi kazini, wazee wa watu wasije wakavaa miwani ya kusomea wakaenda nayo barabarani."

Kila Jumapili, duka likiwa limefungwa, Ogweno alipanda baiskeli yake ya mbio na kwenda milimani. Alitoka mjini hadi Keumbu, akakunja kuelekea Birongo, akapanda na kushuka mpaka upande wa Nyamira, kisha akarudi kwa kuteremkia Nyakoe. Alimwambia Mokeira hakuna barabara tamu kama hiyo Kenya nzima: lami nyembamba, gari moja kila robo saa, majani chai kushoto, migomba kulia, ukungu asubuhi, na harufu ya moshi wa majiko ya watu wanaochemsha chai.

"Unalipwa?" Mokeira aliuliza.

"Nani anilipe?"

"Basi unapandia nini milima? Sisi tumezaliwa huko na tunaitafutia njia ya kuikwepa."

Ikabidi amwonyeshe. Alimwazimia baiskeli nyepesi, wakatoka pamoja Jumapili moja ya Februari. Mokeira alisukuma zaidi kuliko kupanda, akilaani kila kilima kwa jina. Lakini walipofika juu ya mteremko, mbele ya Birongo, upepo ukampiga usoni, akaachia breki, akapiga ukelele wa furaha mpaka wachuma chai wakainuka. Kule chini Ogweno alimkuta anacheka na machozi. Alimbusu papo hapo, chini ya mikaratusi, na Mokeira hakuangalia hata kama kuna mtu.

Kisha akaangalia. Akamsukuma kifuani.

"Sikiliza, Ogwe. Kile kilima kinachofuata ndicho kwetu. Mimi leo narudia hapa."

"Kwa nini? Si nimsalimie mama?"

"Na hiyo kaptura? Inabana kila kitu! Unataka kumuua mama yangu kwa aibu?" Alicheka, ila alikuwa hatanii. "Kwetu Wakisii kuna chinsoni, heshima ya wakwe. Mkwe hasimami uchi mbele ya mama wa msichana, na hiyo nguo yako kwake ni uchi. Ameshasikia habari zako. Wiki nzima amekataa Mjaluo, juzi akasema atafikiria. Ukimharibia sasa, tumekwisha."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo," Ogweno alisema. "Mama mkwe ukimwona njiani unampisha mbali na unageuza uso."

"Basi umeelewa. Ukimwona mama, usisimame."

Mama mwenyewe aliitwa Kwamboka, mjane, Msabato wa kweli kweli. Jumamosi yake ilikuwa ya kanisa, na Jumapili alikuwa shambani kwake kabla ya jua. Alimpata Mokeira ukubwani, baada ya kaka yake Nyangau, na alimpenda kupita kiasi. Mwezi wa tano aliridhia hatimaye. Alisema huyo kijana aje na wazee wake, Jumapili ya pili ya Juni, naye amtazame kama anafaa. Mokeira aliporuka kwa furaha kibandani alipindua cherehani nusura imvunje mguu.

Jumapili moja kabla ya siku hiyo, Ogweno alikwenda milimani kama kawaida. Ilikuwa saa mbili asubuhi alipoanza kukipanda kilima cha kwao Mokeira, kichwa chini, jasho likitiririka. Alipoinua macho alimwona mwanamke mzee ameketi kwenye ukingo wa barabara, miguu mtaroni, mkungu wa ndizi umelala kando yake. Alimjua kutokana na picha za simu. Mkwe, na yeye na kaptura ile! Akageuza uso upande wa majani chai, akakanyaga kwa nguvu, akampita kwa adabu zote alizofundishwa tangu utoto.

Juu kileleni alisimama, akapiga simu. Mokeira alikuwa kibandani mjini akimalizia sare za kwaya.

"Jaber, leo nimefaulu mtihani. Nimempita mama yako."

"Uongo! Alikuona?"

"Sijui, niligeuza uso kama kasisi. Alikuwa ameketi barabarani na ndizi zake."

Mokeira alicheka mpaka akachomwa na sindano. "Mkwe mwema! Sasa kweli utanioa."

"Lakini Mokeira, alikuwa ameketi vibaya vibaya. Nirudi nimwangalie?"

"Wee! Urudi na kaptura? Anapumzika huyo, hupumzika pale kila siku akitoka shambani. Usithubutu, Ogwe. Umebakiza wiki moja tu!"

"Basi sawa."

"Teremka salama, mpenzi."

Akateremka.

Kwamboka hakuwa anapumzika. Damu ilikuwa imepasua mshipa kichwani, mkono wa kulia umekwisha kufa, na alikaa pale mpaka saa tano na nusu, jirani aliyekwenda kuteka maji alipomkuta ameanguka kifudifudi. Hospitalini daktari alisema maneno yale wanayosema siku zote: angeletwa mapema kidogo. Saa mbili tatu tu mapema.

Nyangau alikuwa mwalimu, mtu wa hasira fupi na suti ndefu. Alikwisha ulizauliza kijijini. Alimkamata dada yake kwenye kibaraza cha wodi.

"Watu wa kituo cha majani chai wamemwona mtu wa baiskeli akipita pale saa mbili. Ni huyo Mjaluo wako?"

"Ni yeye," Mokeira alisema.

"Alimwona mama?"

"Alimwona."

"Na akapita?"

"Akapita."

Hapo ndipo alipotakiwa kuongeza maneno machache tu. Aliuliza arudi, mimi nikamkataza. Maneno yenyewe mtoto wa shule ya chekechea angeyaweza. Hakuyasema, kwa sababu nyuma ya kioo aliiona sura ya mama yake imepinda upande mmoja, na aliogopa. Mtu usimcheke. Wewe ungesema?

Ogweno alifika jioni hiyo hiyo, amevaa suruali na koti, ndevu zimenyolewa haraka haraka. Nyangau alimshika kola mbele ya wagonjwa.

"Mnyama wewe! Hata mbwa angebweka!"

Ogweno hakujitetea. Alimtazama Mokeira juu ya bega la kaka yake, akamngoja. Mokeira aliangalia viatu vyake.

"Ni kweli," Ogweno akasema. "Nilimwona nikapita. Nisameheni."

Usiku huo hakuna aliyempigia mwenzake. Siku ya tatu Mokeira alipiga, akinong'ona.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Nilikungoja uwaambie wewe."

"Siwezi, Ogwe. Nyangau hatanitazama tena. Na mama akizinduka aambiwe ni mimi? Mimi aliyenizaa?"

"Haya," Ogweno alisema. "Nitalibeba mimi."

"Asante. Asante, mpenzi. Yatapoa tu."

Mokeira alipokata simu alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Ogweno hakulala. Habari ilikwisha shuka mjini. Wateja walinong'ona juu yake dukani, mama mmoja alivua miwani mipya na kuirudisha mezani akisema hataki kuvaa kitu kilichoshikwa na mkono ule. Wanabaiskeli wenzake walianza kwenda Jumapili bila kumwambia. Mokeira alizijua habari hizo zote. Kibanda chake kilikuwa sokoni, na soko halina siri. Alikuwa akimtumia ujumbe: pole mpenzi, vumilia. Kisha jumbe zikawa za wiki kwa wiki. Kisha akahamia nyumbani kumwosha na kumlisha mama yake, na zikakoma.

Novemba ulimi wa Kwamboka ulifunguka. Maneno yalitoka mazito, nusu mdomo ukifanya kazi ya mdomo mzima, lakini yalieleweka. Siku nyingi alikuwa amemsikiliza Nyangau akimlaani kijana yule. Siku moja akasema, "Mwiteni."

Ogweno alikuja na shangazi yake, Achola, mama mnene mwenye kitambaa cha kichwa cha zambarau. Ogweno mwenyewe alivaa suti nyeusi. Alikuwa amekonda. Mokeira alimwona kupitia dirisha la jikoni akataka kumkimbilia, akachukua birika badala yake.

Sebuleni, Kwamboka aliegemezwa kwenye mito. Alimtazama kijana kwa muda.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuona unakuja, nikakujua kwa picha. Mkono huu ulikuwa umeshakufa. Nikavuta leso kwa huu mwingine, nikajifunika uso. Mkwe, na nguo ile! Nikaomba Mungu akupitishe upesi."

Nyangau alishtuka. "Mama, ulikuwa unaweza kumwita?"

"Mkwe haitwi barabarani, Nyangau. Yeye aliniheshimu, nami nilimheshimu." Alipumua kwa shida. "Neno moja tu nataka kujua, mwanangu. Ulipofika juu, roho haikukuambia urudi?"

Mokeira alikuwa akimimina chai. Ogweno aliinua macho, akamtazama, kama alivyomtazama siku ile hospitalini. Chai ikajaa kikombe cha shangazi, ikajaa cha Nyangau, ikajaa cha mama. Mokeira alimimina cha nne.

"Haikuniambia, Mama," Ogweno alisema. "Sikufikiria."

"Basi nimekusamehe. Na msichana nakupa. Nyangau, umesikia."

Nyangau alikohoa. "Nimesikia."

Shangazi Achola alikwisha fungua mdomo apige vigelegele. Ogweno akamgusa mkono.

"Mama, Mungu akubariki. Nimekuja kutafuta msamaha, nimeupata. Mke sikumjia."

Akainuka, akainamisha kichwa, akatoka. Shangazi alibaki akitazama huku na huku, kisha akajizoa na kumfuata.

Mokeira aliwapata barabarani wakingoja gari. Achola aliona uso wa msichana akasogea mbali mwenyewe.

"Ogwe, nilitaka kusema. Haki ya Mungu, lilikuwa hapa mdomoni."

"Najua. Nililiona."

"Rudi ndani. Nitasema sasa hivi, mbele yao wote. Rudi usikie!"

"Nisikie nini, Mokeira? Mimi nilikuwepo." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Mokeira. "Miezi mitano sikutaka uniokoe. Nilitaka nisiwe peke yangu."

"Nakupenda."

"Hata mimi. Lakini nikikuoa, siku moja litatupata lingine, nami nitageuka kukutazama. Siwezi tena kugeuka na kukutazama hivyo."

Gari likaja. Achola akapanda kwanza, kwa tabu, akivutwa mkono na mpwa wake. Ogweno akaufunga mlango taratibu.

Mokeira alirudi ndani na viatu vimejaa tope. Alipiga magoti kando ya mito ya mama yake, akasema yote, simu ya kileleni, nirudi nimwangalie, usithubutu, wiki moja tu. Alisema kwa sauti, na Nyangau akisikia. Nyangau aliweka kikombe chini, akatoka nje kama mtu anayekimbia moshi.

Mkono mzima wa Kwamboka ulikuwa juu ya blanketi, na haukusogea.

"Na umemwacha aende?"

"Ameniacha yeye, Mama."