Bamba Lililoachwa

Saa nane na dakika kumi mchana wa Ijumaa, Lazarus alifungua kufuli la gereji yake Kawangware, akaingia, akapiga yowe. Giaboksi haikuwepo.

Koplo Nabwire alifika saa tisa na robo, miguu imemvimba ndani ya buti. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na jamani, alikuwa amechoka. Amechoka na wezi, amechoka hata na walioibiwa. Katikati ya gereji lilisimama lori kuukuu, boneti wazi. Mwenye lori, Ramzy wa Makina, aliyekuwa amekuja kuliangalia baada ya swala, alikuwa amekaa juu ya tairi na magongo yake mapajani. Lori aliachiwa na babake. Ramzy alikatwa mguu wa kushoto mwaka juzi, na bila huo hukanyagi klachi. Ndiyo maana Lazarus alikuwa amfungie giaboksi ya otomatiki, isiyohitaji klachi, tena nzito, iweze kuhimili injini aliyoiongezea turbo ya kuipa nguvu.

"Kufuli halikuvunjwa," Ramzy alisema. "Ufunguo ni wa Lazarus. Nilimwamini kama ndugu, madam. Sasa ona!"

"Ufunguo nikienda lunch naweka chini ya mkebe wa grisi," Lazarus alijitetea. "Ninaofanya nao kazi wote wanajua. Antony wa skrapu anajua. Mzee Obonyo anayenichongea vyuma pia anajua."

Nabwire alitazama sakafu. Ilikuwa kavu. Aliyeiba alikuwa amekinga oili kwenye karai kwanza, bila kumwaga hata tone. Mwizi gani ana adabu hivyo? Juu ya meza palikuwa na bamba jipya la chuma lenye matundu pembeni, na kipande cha katoni chenye mchoro.

"Hili ni la nini?"

"La kuunganisha injini na giaboksi. Hazikuzaliwa pamoja, madam, bila bamba hazishikani. Nilichora kwa katoni, nikaandika vipimo na penseli, Mzee Obonyo akachonga. Alileta jana jioni. Hata sijalijaribu."

Nabwire aliandika: *bamba limeachwa*. Lakini mkubwa wake hakutaka habari za bamba. Mwenye ufunguo aingie ndani, Jumatatu apelekwe kotini.

"Giaboksi ya mteja imepotelea kwangu, halafu nalala seli," Lazarus alisema akipandishwa garini. "Hata nikiachiliwa, nani ataniletea gari tena?"

Nabwire alifunga mlango.

Jumamosi saa nne asubuhi alimkuta Antony akipima vyuma chakavu kwake.

"Jana saa saba ulikuwa wapi?"

"Kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, stima ikapotea! Nilikaa hapo mpaka saa tisa, mtaa mzima unanicheka. Uliza."

Nabwire aliuliza, na ilikuwa kweli. Akarudi.

"Wewe ungeiba ile giaboksi, ungeacha bamba?"

"Niache chuma kizito hivyo, tena kipya? Si ningebeba hilo kwanza!"

Basi aliyeliacha alijua halina kazi. Nabwire alirudi gereji, akapima mwenyewe. Kati ya matundu, katoni ilisema milimita 128. Bamba lilisoma 123. Aliichukua ile katoni.

Saa nane na nusu aliingia karakana ya Mzee Obonyo, Kibera, kijiji cha Raila. Mzee alikuwa akipapasa ukingo wa chuma kwa kidole gumba.

"Mzee, nisomee hapa."

Obonyo aliileta katoni karibu na pua, akaipeleka mbali. "Moja... mbili... tatu."

"Ni nane, mzee."

Mzee aligeuka. Kisha akafunua gunia lililokuwa nyuma yake. Giaboksi ilikuwa pale, na juu yake bamba lingine, jipya.

"Alhamisi nikiwa pale niliipapasa giaboksi," alisema. "Nikajua nimekosea. Wangelilazimisha lile bamba, wangeivunja. Katoni siwezi kuisoma, madam, lakini tundu naweza kuligusa. Jana mchana nikakodi mkokoteni, nikawaambia wasukumaji nimetumwa na Lazarus. Kesho gereji ikiwa imefungwa ningerudisha vyote."

"Si ungesema tu!"

"Niseme Obonyo haoni? Nani atampa chuma fundi kipofu? Miaka arobaini nimekula kwa mikono hii."

"Mficha maradhi kilio humuumbua, mzee. Na hiki kilio ni cha mwenzako. Lazarus yuko seli tangu jana."

Katoni ilimponyoka mkononi. "Lazarus? Kwa ajili yangu?" Tayari alikuwa akitafuta kofia. "Nipeleke."

Saa kumi na moja walikuwa gereji wote, Lazarus ametolewa seli, na giaboksi imerudi. Mzee alieleza yote tena, amesimama wima, bila kujitetea. Ramzy alishindwa kumtazama Lazarus usoni. "Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Madam, mimi nafuta mashtaka."

Lazarus aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ananuka seli. Alilipachika bamba jipya, akajaribu boliti moja moja. Zote ziliingia.

"Mzee," alisema, "si ungeniomba tu nikusomee?"

"Hilo ndilo lilinishinda."

Aliyejibu ni Ramzy, macho yake yakiwa kwenye magongo.

"Mimi haya niliyakataa miezi mitatu, mzee. Nilikuwa natambaa mpaka chooni, watoto wangu wakiniona."

Nabwire alikaa kwenye tairi, akalegeza kamba za buti. Lazarus alichukua katoni mpya na penseli, akavuta stuli, akamkalisha mzee karibu naye, akaanza kuandika huku akimsomea kila kipimo kwa sauti.