Bibi Mfumaji na Soksi ya Pili

Wendelien Hoekstra alikuwa amechelewa tena. Shule ilifunga saa tisa na robo, na sasa ilikuwa saa kumi na robo. Jua la Januari lilikuwa linazama, na binti yake Jikke, miaka sita, alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la koridoni, koti limefungwa vifungo vyote. Mwalimu naye alikuwa ameshavaa lake.

"Umechelewa," Jikke alisema. Hakununa. Alisema tu, kama mtu anayetaja siku ya wiki.

"Nisamehe, kipenzi. Nilikuwa namalizia macho ya Bibi."

"Kila siku Bibi, Bibi, Bibi. Si umwoe kabisa."

Wendelien akacheka, akampakia nyuma ya baiskeli. Walikuwa wameshafika njia panda ya kwenda nyumbani alipokumbuka hita. Ameiacha inawaka! Ndani ya nyumba ya mbao kavu yenye umri wa miaka sabini, na kando yake rangi ya mafuta na tambara za kufutia. Akageuza baiskeli.

Nyumba yenyewe ilikuwa katikati ya bustani ya hadithi, yenye nyumba na sanamu za ngano za watoto, kule kwenye nyika nje ya mji, ambako nusu ya watu wa mkoa wa Brabant walipelekwa walipokuwa wadogo na nusu nyingine wanadai hawakuogopa. Unaingia kwa kuinama, mlango ni mfupi makusudi. Unapita vyumba vitano vya giza. Chumba cha mwisho, kando ya jiko la kuni, ndimo anamokaa Bibi Mfumaji, mwanamke wa mti mwenye mikono inayoendeshwa kwa mota. Juu yake imetandazwa kamba yenye soksi za kijivu, kila moja peke yake, haina mwenzake. Hadithi yake kila mtoto anaijua: Bibi humfumia soksi kila aliyechelewa kurudi nyumbani. Ya kwanza, ya pili. Jozi ikitimia, huyo ni wake. Spika iliyofichwa ukutani huuliza kwa sauti ya mkwaruzo, "Nani kachelewa?" Watoto hupiga mayowe, hutoka mbio, kisha huomba warudi tena.

Majira hayo ya baridi bustani ilikuwa imefungwa, na Wendelien ndiye aliyepewa kazi ya kuirudishia nyumba ujana wake. Meneja, Roelof, alitaka kila kitu kiwe kama siku ya ufunguzi. Basi Wendelien alikaa wiki tatu na kisu chake kidogo, akikwangua uso wa Bibi tabaka kwa tabaka. Alikuta matabaka kumi na moja ya rangi. Kwenye kumi ya juu, Bibi alikuwa ameinamisha macho, anatazama ufumaji wake. Kwenye lile la chini kabisa, la kwanza, macho yalitazama mbele. Yalimtazama yeye.

Picha ya siku ya ufunguzi ilionyesha hivyo hivyo.

Kweli, kulikuwa na daftari la rangi la Mzee Gijsbert, mchoraji aliyemtangulia. Kila alipompaka Bibi upya aliandika aina ya rangi, kiasi cha mafuta, na mwishoni maneno yale yale: *Macho: chini.* Yamepigiwa mstari, mara mbili. Wendelien aliyasoma yote. Akadhani ni mzee na ladha yake.

"Tunarudisha asili," Roelof alimwambia, "haturudishi mazoea ya Gijsbert."

Naye Wendelien alikubali upesi, kwa sababu ndiyo fahari ya kazi yake: fundi wa kurudisha vya kale haongezi lake, hufuata mkono wa kwanza. Alasiri ile ndiyo iliyomchelewesha. Alikuwa akitia nukta nyeupe ya mwisho kwenye mboni ya jicho la kushoto. Alipomaliza alijiona amefanya kazi nzuri kuliko zote za maisha yake.

Sasa akaegesha baiskeli mbele ya ule mlango mfupi.

"Kaa hapa. Usiingie. Dakika moja tu."

"Dakika yako au dakika ya watu?"

"Jikke!"

"Haya. Nenda."

Akainama, akaingia. Umeme wa taa za ndani ulikuwa umekatwa, akawasha tochi ya simu. Chumba cha kwanza. Cha pili. Alitegemea kunusa rangi mbichi, mafuta ya kitani. Badala yake ikamjia harufu nzito ya kondoo aliyenyeshewa.

Sufu mbichi.

Chumba cha tatu. Akasimama.

Tik... tik... tik...

Bomba, akajiambia. Bomba linapoa. Akaendelea. Lakini sauti ile aliijua, maana nyanya yake alikuwa mfumaji. Sindano mbili za chuma zikigongana.

Tik... tik...

Mota ya mikono ya Bibi haikuwamo mle. Aliifungua mwenyewe Jumatatu, na hivi sasa ilikuwa juu ya meza karakanani, vipande vipande, pamoja na ile spika.

Chumba cha tano. Hita ilikuwa inawaka, nyekundu. Akanyoosha mkono, akaizima bila kuinua macho. Alitaka sana kugeuka na kuondoka. Lakini tochi ilikuwa imeshapanda yenyewe hadi kwenye kamba ya soksi.

Soksi za kijivu, za kijivu, za kijivu. Moja ya njano.

Ilikuwa mpya. Ndogo, inaenea kiganjani. Ilikuwa bado inadondosha maji, tone kwa tone, juu ya sakafu. Na chini yake mikono ya mti ilikuwa inakwenda. Polepole, bila haraka yoyote, kama mwanamke mwenye jioni nzima mbele yake. Kwenye sindano ilining'inia soksi ya pili, njano vile vile, imebakia ncha tu ya vidole.

Bibi hakuwa anatazama ufumaji wake. Yale macho aliyoyachora kwa mkono wake mwenyewe yalikuwa yanatazama nyuma ya bega lake.

"Mama..."

Wendelien akageuka. Jikke alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba. Mguu wa kulia ulikuwa na buti. Wa kushoto ulikuwa mtupu juu ya mbao za baridi, na buti lake kalishika mkononi.

"Nilikuambia usiingie!"

"Ameniita," Jikke akanong'ona. "Kaniambia nivue, anipime."

Tik, tik, tik, tik. Sindano zilikuwa zimeongeza mwendo.

Kisha sauti. Haikutoka ukutani. Ilitoka pale kando ya jiko, kavu, ya upole, ya mtu aliyesubiri sana.

*Nani kachelewa?*

Jikke akafungua kinywa kujibu.

Wendelien hakufikiri. Alimrukia Bibi, akambandika kiganja machoni, akafuta. Rangi ilikuwa mbichi bado. Nyeupe, nyeusi, kahawia, vyote vikachanganyika na kuteleza chini ya vidole vyake, na chini ya rangi, Mungu wangu, mti ulikuwa na joto. Akafuta mpaka pasibaki jicho, likabaki doa la tope tu.

Tik.

Kimya.

Alimbeba Jikke, akapita vyumba vitano mbio, akajigonga kipaji cha uso kwenye mlango ule mfupi, hakuhisi kitu. Nje kulikuwa bado na mwanga kidogo magharibi. Alikaa kwenye theluji nyembamba akaukumbatia ule mguu wa kushoto kwa mikono yote miwili, akaupulizia, akausugua. Ulikuwa wa baridi kama samaki wa sokoni.

"Nilikuwa nataka kumjibu tu," Jikke alisema, na kwa mara ya kwanza akalia.

Jumamosi asubuhi Wendelien alikwenda kwa Mzee Gijsbert. Aliishi peke yake pembeni mwa kijiji, miaka themanini na mbili, na ndiye mtu pekee mtaani aliyefunga mapazia. Akamimina kahawa, akafungua bati la biskuti, kila mtu akachukua moja, akalifunga. Ndipo akatazama kucha za mgeni wake, zenye rangi iliyogoma kutoka.

"Umeyapandisha," alisema.

"Nimeyapandisha, Mzee. Na nimeyafuta."

"Niliandika. Kila mara niliandika."

"Niliona. Nikadhani..."

"Ulidhani mzee kachoka kuchora mboni." Hakuonyesha hasira, na afadhali angeonyesha. "Nani aliyekuwamo?"

"Binti yangu."

Kikombe kikatua juu ya kisahani. "Soksi ngapi?"

"Moja imetimia. Ya pili imebaki ncha."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Wendelien alilitamani hata hilo, avunjike lake kabisa, mtoto aachiwe yake. Mzee akasimulia kwa ufupi, macho kwenye bati la biskuti. Mwaka wa kwanza wa bustani, dada yake Neeltje, miaka saba, aliingia mle peke yake jioni moja. Walimtoa. Soksi moja ilikuwa imeshatimia, mama yao akaichoma jikoni. Ni nani aliyechonga sanamu ile, na aliuokota wapi mti wake, hakuna aliyewahi kusema. Gijsbert alipopata kazi pale, siku ya kwanza kabisa alishika brashi akayainamisha macho.

"Na Neeltje?"

"Aliishi. Alikula, alicheka, alikwenda shule. Ila mguu ule haukupata joto tena. Na jioni alikaa dirishani akifuma. Hakuna aliyemfundisha."

"Alimfumia nani?"

Mzee akalisogeza bati mbali kidogo, kama linamziba.

"Baba yetu alikuwa mtu wa kuchelewa," alisema. "Kunywa kahawa, mwanangu. Inapoa."

Jumatatu Wendelien alirudi mle nyumbani mwa Bibi kukiwa kweupe, milango yote wazi, redio inaimba kwa sauti ya juu, na mafundi umeme wawili aliowaalika bila sababu wamsikilize akipiga soga. Akayachora macho. Chini. Soksi ya njano hakuichoma. Aliikunja, akaifungia kwenye kasha la bati. Ile ambayo haikumalizika ilikuwa imekamatwa na sindano, na sindano zimekamatwa na mikono, haitoki. Akaiacha palepale, mbele ya macho yale yaliyoinama.

Roelof alichukia. "Asili iko wapi?"

"Asili ni hii watu wanayoijua, ndiyo uliyoajiri fundi aiharibu," Wendelien alimjibu. "Nifukuze ukitaka." Hakumfukuza. Pasaka ikafika, watu wakapanga foleni hadi kwenye daraja, na mabibi wenye mvi wakawaambia wajukuu, ni yuleyule, hajabadilika hata kidogo.

Na Wendelien hakuchelewa tena. Miezi mitatu alikuwa wa kwanza getini pa shule, kabla ya wazazi wote, kwenye mvua na kwenye upepo. Jioni alikaa na mguu wa kushoto wa Jikke mapajani mwake, akiukanda. Haukupata joto. Lakini haukuwa mbaya zaidi, na mtoto alikula, alicheka, alikwenda shule. Wendelien alianza kuamini kwamba soksi moja si jozi, na kwamba nusu unaweza kuishi nayo.

Kisha siku moja ya Aprili gurudumu la baiskeli likapasuka kwenye kokoto. Dakika ishirini tu. Jikke alikuwa kwenye benchi, koti limefungwa.

"Umechelewa," alisema.

"Gurudumu, kipenzi. Tazama mikono yangu."

Jikke aliitazama mikono, akapanda nyuma.

Kesho yake, saa kumi na mbili jioni, viazi vikiwa jikoni, Wendelien aliona nyumba imekuwa kimya mno. Akazima moto chini ya sufuria. Ndipo akasikia.

Tik... tik... tik...

Jikke alikuwa amekaa dirishani, mgongo umenyooka, sindano mbili za chuma za nyanya wa Wendelien mkononi. Miaka yote zilikuwa zimefungiwa kwenye sanduku darini. Hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuzishika. Vidole vyake vidogo vilikwenda bila kukosea, bila haraka, na macho yake yalikuwa chini. Chumba kilinuka kondoo aliyenyeshewa.

Pembeni yake, juu ya kiti, ilikuwapo soksi ya kijivu iliyokwisha. Kubwa. Ya mtu mzima.

"Jikke," Wendelien alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Unafuma nini, mwanangu?"

"Ya pili."

"Ya nani?"

"Bibi aliniuliza nani kachelewa, ukanivuta kabla sijajibu." Tik, tik. "Jana nikamjibu."

Wendelien alitaka kwenda kwake, amnyang'anye zile sindano. Mguu wake wa kushoto haukuondoka sakafuni. Hakuuhisi kabisa. Baridi ilikuwa imeshapanda hadi gotini.

Jikke aliinua macho. Yalimtazama moja kwa moja, na kwenye kila mboni kulikuwa na nukta nyeupe, ndogo, imetiwa vizuri sana.

"Kaa hapo, Mama," alisema kwa upole. "Vua kiatu, nikupime."