Karatasi ya Mwenza

"Tarehe mbili umerudi kutoka kwa dada yako. Tarehe tisa mkojo unakuchoma. Sasa niambie, huko ulikuwa unamwangalia mzazi na kichanga chake, au ulikuwa na mambo yako?"

Mume wangu alisema hayo akiwa amesimama mlangoni, majibu yangu ya maabara mkononi. Ni fundi saa, na hawa watu lazima kila kitu wakijue kilianza saa ngapi.

"Fundi, nimekwambia alichosema nesi. Ni klamidia. Ni bakteria, inatibika kwa dawa za siku saba."

"Kutibika sikatai. Imetoka wapi?"

"Inaweza kukaa mwilini miezi na miezi mtu asijue. Huenda ninayo tangu kabla hujanioa. Huenda unayo wewe. Nenda ukapime."

"Nikapime nini? Mimi siumwi!"

Akabeba begi na redio, akahamia chumba cha nyuma ya kibanda chake cha kazi. Redio ndiyo iliniuma zaidi. Nyumba ikawa kimya mpaka nasikia bomba la jirani.

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi. Kutwa nzima nakunja mashuka ya vitanda vya watu wawili, halafu narudi kulala upande wangu wa ukutani, nimejibana kana kwamba kuna mtu. Upande wake sikuugusa. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na hakuna wa kuniuliza kama nimekunywa. Nilijitahidi kukasirika, lakini upweke ulinishinda nguvu.

Nikampigia dada.

"Dada, shemeji yako kanihama."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kuja kukuogeshea mtoto."

Akasonya.

"Na bado unampenda huyo kichwa ngumu?"

"Nampenda. Ndiyo maana nakereka."

Siku ya saba nikamwandikia Fundi ujumbe: "Nimemaliza dawa. Usipotibiwa na wewe utaniambukiza tena. Nesi anasema ikikaa sana inaweza kuziba mirija ya uzazi. Unataka mtoto au hutaki?"

Akausoma. Hakujibu.

Siku ya kumi na moja nikaomba ruhusa kazini, nikamfuata kibandani mchana kweupe. Kwenye kioo cha mbele ameandika kwa mkono wake: SISEMI KITU KABLA SIJAFUNGUA. Ndiyo sifa yake. Mteja akisema ni betri tu, yeye anamwonyesha maandishi kwa kidole.

Nikachukua bahasha moja ndogo kati ya zile anazowekea saa za wateja. Ndani nikatia karatasi aliyonipa nesi siku ya kwanza, ile ya kumwita mwenza wangu aende kupimwa. Nikaisukuma mezani.

"Nimeleta kazi," nikasema.

Akavua lenzi jichoni, akaisoma karatasi.

"Mke wangu, hapa ni kazini."

"Ndiyo maana nimekuja hapa. Mteja akikuletea saa iliyosimama, unamuuliza ilisimama akiwa na nani?"

Akaanza kuifuta lenzi kwa kitambaa.

"Nakuuliza, Fundi."

"Namwambia aiache, niifungue kwanza."

"Saa ya mtu usiyemjua unaifungua kwanza. Mimi umenihukumu mlangoni, hata viatu sijavua."

Nikaondoka, maana machozi yalikuwa yameshafika na sikutaka ayaone.

Kesho yake pasi ikiwa mkononi, ukaingia ujumbe kwenye simu: "Nimepimwa. Siumwi popote, lakini ninayo."

Mwingine ukafuata: "Nimemuuliza nesi nani alianza. Anasema hakuna kipimo cha kujua hilo."

Nikajibu neno moja: "Kunywa."

Siku nane baadaye, asubuhi, akabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Cha mwisho nimekunywa jana."

"Hukuruka hata kimoja?"

"Hata kimoja. Nisamehe, mke wangu. Niliogopa kupima. Ningejikuta ninayo, ningekosa wa kumlaumu."

"Baada ya miezi mitatu tunarudi kupima. Wote wawili, foleni moja."

"Foleni moja."

Nikampisha. Akaingia chumbani na begi lake na redio, akasimama anakitazama kitanda.

"Mbona upande wangu shuka limenyooka hivi? Umelipiga pasi?"

"Halijalaliwa, Fundi."

Akakaa pale pale, begi bado begani, redio mapajani, akaanza kulia kama mtoto. Sikumkimbilia. Nilimwacha akae peke yake kidogo, auonje upweke. Halafu nikaenda kukaa naye.