Siku Tisa Bila Mpimaji

Foleni ya ofisi ya viwango ilikuwa imetoka hadi ngazini. Wenye vituo vya mafuta walijipepea kwa mafaili, madereva wa malori walinung'unika, na katikati yao alisimama mwanamke mwenye ovaroli ya buluu na kitambaa chekundu kichwani, amekumbatia chupa ya juisi iliyojaa kitu cheusi. Alikuwa fundi wa boila katika kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Wenzake walimwita Dada Mvuke. Miguu yake haikutulia. Boila lilikuwa likikohoa wiki nzima, na meneja alishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

"Dada, juisi yako imechacha."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, koti jeupe lenye pasi kali, kalamu tatu mfukoni: mpimaji wa ofisi hiyo.

"Onja basi," alimjibu. "Ni mafuta ya boila. Nahisi yana maji, nataka yapimwe."

"Haya siyapimi. Chupa ilikuwa na juisi. Nikikuta maji, muuzaji atasema ni ya embe. Utamjibu nini?"

Watu wakacheka. Mpimaji hakucheka. Aliandika anwani ya kiwanda na namba ya simu ya Dada Mvuke, akasema atakuja mwenyewe.

Kesho yake akaja kweli. Akapanda juu ya tangi, akachota mafuta ya juu, ya kati na ya chini, akayachanganya, akajaza chupa tatu safi na kuzifunga kwa lakiri: moja ya maabara, moja ya muuzaji, moja ya akiba iwapo mtu atabisha. Aliposhuka alikuwa na doa jeusi shavuni. Dada Mvuke akampa kitambaa. Akajifuta shavu lisilo na doa. Ikabidi Dada Mvuke amfute mwenyewe, na mkono ukachelewa kurudi.

Jioni simu ikalia.

"Bwana Vipimo, kuna hitilafu?"

"Hapana. Nilitaka tu kujua kama umefika salama."

"Nimefika zamani."

"Basi nilitaka kusikia sauti yako."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu."

"Na wako je?"

"Usinikimbize, bwana!"

Walizungumza hadi chakula kikapoa.

Siku ya tatu boila likazimika katikati ya kazi. Mashuka mabichi yakarundikana, hospitali ikafoka, meneja naye akafoka zaidi. "Uzembe mtupu! Nenda nyumbani mpaka nikuite!"

Akampigia mpimaji. Simu ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Ukaingia ujumbe: "Usinipigie kwa sasa. Tafadhali."

Siku tisa zikapita. Alifagia nyumba iliyokwisha kufagiliwa, akafua nguo safi, akatoka hadi kona ya mtaa na kurudi. Simu aliilaza kifudifudi, kisha akaigeuza chali.

"Mwanangu, utatoboa sakafu," mama yake alimwambia.

"Amenidanganya, mama."

"Alikuahidi nini?"

"Hakuahidi kitu."

"Sasa amekudanganya vipi?"

Dada Mvuke akachukua ufagio, akaanza kufagia upya.

Siku ya kumi meneja alipiga simu, sauti imelainika kama siagi juani. Barua ya ofisi ya viwango imefika: mafuta yalikuwa na maji kupita kiwango. Muuzaji alibisha, chupa ya akiba ikafunguliwa mbele yake, jibu likawa lile lile. Arudi kazini.

"Nani ametia sahihi?"

"Mkuu wa maabara."

"Na yule mpimaji?"

"Huyo hayumo kabisa."

Dada Mvuke hakwenda kazini. Alikwenda maabara.

Mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, alimtazama kuanzia kitambaa hadi viatu. "Kumbe ndiye wewe! Kabla lakiri haijakatwa alinijia akasema hawezi kupima mafuta yako. Nikampa fomu. Inauliza, 'Una uhusiano gani na mlalamikaji?' Akaandika, 'Nampenda.' Basi. Nikamwondoa, nikamkataza kuwasiliana nawe. Muuzaji angejua mnapigiana simu, kesi yako ingekufa hapo hapo. Nenda kituo cha mafuta cha njia panda, yuko huko anakagua pampu."

Alimkuta amepiga magoti kando ya pampu, magari nyuma yake yakipiga honi.

"Usinipigie!" Dada Mvuke alimfokea. "Ndilo neno la kumwandikia mtu aliyefukuzwa kazini?"

Mpimaji akainuka. "Niliandika marefu, nikayafuta. Kila lililokuwa na maana lilikuwa limekatazwa."

"Siku tisa nimejiona mjinga."

"Nisamehe, mpenzi."

"Na serikali ikajua unanipenda kabla yangu?"

Aliangalia viatu vyake. "Fomu ilitangulia kuuliza."

Dada Mvuke alikuja na hasira ya njia nzima, akataka aitumie yote. Kicheko kikamponyoka.

"Haya. Na mimi nauliza."

"Nakupenda."

"Sisikii, honi hizi."

"Nakupenda! Nataka nikuoe!"

Dereva wa lori akachungulia dirishani. "Dada, mkubalie tujaze mafuta!"

Alijifuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Jumapili uje kwa mama. Na siku nyingine ukikatazwa kusema nami, njoo unyamaze mbele yangu, nikuone."

"Nitakuja."

"Uje mapema. Kungoja kumenishinda."