Matanga ya Namba Kumi na Tisa

Saa tisa mchana soko la Arua halina adabu. Wauza dagaa wanaitana, redio tatu zinashindana, na kwenye safu ya mafundi cherehani zinalia zote pamoja mpaka mteja akitaka kusema neno lazima apaze sauti. Ayikoru alikuwa amezoea. Miaka ishirini alikuwa akishona sare za shule pale pale, na sasa, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, alikuwa bado mama wa kutazamwa. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge la rangi ya chungwa, lililombana kiunoni kwa kiasi tu, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake badala ya mkufu.

"Mama, punguza mikono ya hii koti," mwanamume mmoja alisema. "Inanimeza."

Ayikoru hakumtazama usoni. Kola arobaini za watoto zilikuwa zinamsubiri.

"Vaa, halafu geuka. Simama vizuri. Wacha kutunisha kifua, wewe si askari."

Mwanamume akacheka kidogo, akageuka. Koti lilikuwa la kijivu, la kitambaa kizuri cha mbali. Ayikoru akatandaza futi mabegani. Inchi kumi na nane. Akapandisha mkono kuangalia kola inavyokaa, na hapo akaliona sikio la kushoto. Kwenye ncha yake palikuwa na kovu dogo, nyama iliyokatika na kupona vibaya.

Kovu lile alilijua kwa sababu alilitengeneza mwenyewe. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, nyuma ya maabara ya shule, siku moja kabla ya mtihani wa mwisho. Mvulana mmoja wa Koboko alikuwa amefukuzwa mstarini kwa ajili ya nywele ndefu, na yeye akajitolea kumnyoa kwa mkasi wa kushonea. Damu ilimwagika mpaka kwenye shati. Mvulana hakulia. Alimwambia tu, "Sasa umeniwekea alama. Huwezi kunipoteza."

Futi ikaanguka chini.

"Kamisi?"

Mwanamume akageuka pole pole. Ndevu zilikuwa na mvi, macho yalikuwa yale yale.

"Ayi? Ayikoru ya Awindiri?"

"Wewe ulikufa!"

"Mimi? Nani alisema?"

"Sisi wote!"

Mafundi wa jirani wakaacha kukanyaga cherehani. Ayikoru, mama wa heshima zake, mwana kwaya, aliinua mkono mbele ya soko zima akamshika yule mwanamume shavuni kuona kama ni nyama kweli. Shavu lilikuwa la moto. Kamisi akamvutia kiti cha cherehani yake, akamketisha.

Wakaagiza soda mbili. Kamisi akamweleza kwa ufupi. Mwaka wa elfu mbili kumi na sita, vita vilipoifika Yei, Sudan Kusini, alikokuwa akipeleka mizigo, lori lake lilichomwa njiani. Yeye alikimbilia porini akatembea siku nne, kisha akapanda malori ya watu mpaka Khartoum. Huko alioa, mke akafariki, na vita vya huko navyo vikamfukuza. Miezi miwili sasa alikuwa Koboko, kwa dada yake Rosa Kiden.

"Na wewe?"

"Niliolewa na Afedra. Amefariki miaka minne sasa. Tuna binti, Phiona."

"Pole, Ayi."

"Pole na wewe, maiti."

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Jioni hiyo Ayikoru alishona mfuko wa shati kichwa chini, akaufumua, akaushona tena kichwa chini.

Simu zikaanza. Shuleni kila mmoja alikuwa na namba yake kwenye rejista ya darasa. Ayikoru alikuwa namba saba na Kamisi namba kumi na tisa, na hayo sasa yakawa majina yao ya mapenzi.

"Halo, Saba?"

"Sema, Kumi na Tisa."

"Umekula nini?"

"Ugali wa enyasa na mboga ya boo. Kwani wewe ni daktari?"

"Nauliza tu nijue hiyo mdomo ilikula nini leo."

"Toka! Mtu mzima na mvi zako."

Alizungumza naye akiwa kwenye cherehani, simu imebanwa kati ya sikio na bega, na sare za Arua nzima zikawa zinapita chini ya sindano kama zinajishona. Wakati mwingine hawakusema kitu. Alisikia tu malori ya Koboko yakipita kuelekea mpakani Oraba na pumzi za Kamisi katikati, na ilikuwa kama yuko kwenye usingizi mzuri ambao hataki mtu amwamshe. Alimpenda. Alijiambia hivyo waziwazi akiwa anaosha vyombo, na sahani ikamponyoka.

Aliyeiharibu ndoto hakuwa na nia mbaya. Acidri alikuwa kiongozi wa darasa lao tangu shule, na ndiye aliyeendesha kundi lao la WhatsApp. Aliposikia habari, alifunga safari mpaka Koboko kumwomba Kamisi radhi, na katika kuomba radhi akaeleza yaliyotokea. Lori lilipokutwa limeungua, mtu aliweka habari kwenye kundi. Watu arobaini na tatu wakatuma mishumaa na mikono ya kuomba. Tangu hapo, kila Desemba darasa linapokutana na rejista ya zamani kusomwa, walio hai hujibu "Iko!" na jina la marehemu hujibiwa na mwenzake anayesimama na kusema, "Ametangulia."

"Na kwetu alifika nani?" Kamisi aliuliza.

Acidri akasema ukweli. Hakuna aliyefika.

Jioni simu ya Ayikoru ikalia.

"Halo, Kumi na Tisa wangu."

"Muko watu gani nyinyi?" Sauti ilikuwa baridi. "Kutoka Arua mpaka hapa ni safari ya saa moja. Mutu akikufa, watu wanakuja kukaa matanga. Hata kama ni adui, wanakuja. Nyinyi mulinizika ndani ya simu! Kama mutu moja tu angefika kwa Rosa, angemwambia Kamisi iko hai, hii hapa namba yake ya Khartoum."

"Kamisi..."

"Hao wengine sina neno na wao. Lakini wewe, Ayi? Hata wewe?"

Phiona alikuwa mezani akila. Picha ya Afedra ilikuwa ukutani. Ayikoru akawapa mgongo wote wawili, akapunguza sauti.

"Nilikuwa na mume, Kamisi."



"Sawa," Kamisi akasema. "Nimesikia." Simu ikakatika.

Siku ya kwanza Ayikoru alingoja. Siku ya tatu alipiga, haikupokelewa. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Koti la kijivu lilikuwa tayari, mikono imepunguzwa, limepigwa pasi, limetundikwa juu ya cherehani, na kila upepo ulipopita lilitikisika kidogo likamkumbusha mabega ya inchi kumi na nane.

"Mama," Phiona akasema siku moja, "hiyo koti imekuwa mpangaji. Italipa kodi lini?"

Ayikoru alitaka kucheka, akalia. Ndipo akamweleza binti yake jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Phiona akasikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi.

"Sasa si umpigie umwambie hivyo hivyo?"

"Hapana. Kwa simu ndiyo tuliharibu. Safari hii naenda kwa miguu yangu."

Asubuhi alivaa gauni jeusi na leso ya kichwani, nguo za kwenda msibani. Akanunua kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, akalibeba koti begani, akapanda gari la Koboko. Vumbi la Desemba lilikuwa jekundu, na vilima vya mbali vilionekana vimepakwa moshi. Aliposhuka, alisimama kwanza kando ya ukuta. Paki ya magari ilikuwa ile ile.

Rosa Kiden alikuwa uani anapepeta mtama. Mama mnene, mcheshi, shela kichwani. Alipomwona mgeni na mavazi yale akasimama haraka.

"Karibu, dada. Kuna nini?"

"Nimekuja matanga."

"Ya nani tena?"

"Ya Kamisi."

Rosa akakodoa macho. "Kamisi iko nyuma pale anaoga! Nimemwacha sasa hivi anaimba!"

"Najua, dada. Nimechelewa miaka minane. Nipe tu mkeka nikae."

Rosa akamtazama, akaitazama sukari, akalitazama koti. Kisha akaleta mkeka akautandika kivulini, na yeye mwenyewe akaketi kando yake, akaegemeza shavu kwenye kiganja kama wafiwa wanavyofanya.

Kamisi alitokea na taulo shingoni, maji yakimchuruzika, wimbo ukamfia mdomoni.

"Hii ni nini?"

"Keti," Rosa akasema. "Ni msiba yako."

Ayikoru hakungoja aketi. Akijua kwamba akinyamaza sasa atampoteza mara ya pili, na safari hii akiwa hai, alisema yote kwa pumzi moja.

"Mimi nilikuja, Kamisi. Siku ya tatu baada ya kusikia. Nilimwambia Afedra naenda kununua nyuzi. Nilinunua sukari kilo mbili, na sabuni, nikashuka hapo kwa paki. Halafu nikajiuliza, wataniuliza wewe ni nani wa marehemu, nitajibu nini? Mke wa mtu, nimetoka Arua kuja kulia mwanaume mwingine? Afedra alikuwa mume mzuri, sikutaka kumwaibisha. Nilikaa kwa paki mpaka gari ya mwisho. Nikarudi na sukari yangu."

Kamisi alikuwa ameketi bila kujua.

"Ile sukari nilikunywa na chai miezi miwili. Nilikunywa nalia. Afedra akiuliza, nasema ni moshi ya jikoni. Na huko darasani, anayesimama likisomwa jina lako ni mimi. Nilitakiwa kuacha Acidri asimame, nikamkatalia. Hapo tu ndipo nilikuwa na ruhusa ya kukulilia."

Rosa alikuwa anafuta macho kwa ncha ya shela. Alinyanyuka akasema anaenda kuchemsha maji, ingawa birika lilikuwa limejaa maji ya moto.

"Saba," Kamisi akasema.  "Nilikuwa na hasira kwa sababu nilifikiri nilikuwa napenda peke yangu. Miaka yote hiyo."

"Ulikuwa mjinga."

"Iko bado."

Akamshika mkono. Ayikoru akamvalisha koti juu ya mgongo uliolowa, akavuta mikono yake kuona inapofika. Ilifika sawasawa kwenye kifundo cha mkono. Wakanywa chai yenye sukari nyingi mno, na hakuna aliyeilalamikia.

Jumamosi ya kabla ya Krismasi, darasa lilikutana kwenye bustani moja ya Arua, chini ya mitiki. Wanaume walikuwa na vitambi, wanawake walikuwa na vitenge vilivyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Acidri akafungua rejista yenye jalada la kahawia lililochoka.

"Namba saba, Ayikoru Margarita."

"Iko!"

Majina yakaendelea. Jua la alasiri lilikuwa laini kwenye nyasi, na Ayikoru alikuwa anasikia majina kwa mbali tu, bega lake likigusa bega la koti la kijivu.

"Namba kumi na tisa, Kamisi Mogga."

Mazoea ni kitu kibaya. Ayikoru akaanza kuinuka. Kamisi akamvuta gauni taratibu, akamketisha, akasimama yeye.

"Iko!"

Wakapiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Acidri akasafisha koo aendelee, lakini Kamisi hakuketi.

"Ngoja, monita. Miaka minane huyu mama alisimama kwa jina langu. Hata mume wake, Mungu amrehemu, hakujua alikuwa amebeba nini." Akamgeukia. "Ayi, iko siku moja sisi wote tutasomwa na hatutajibu. Ya kwangu ikifika, nataka usimame tena, lakini kama mke wangu, na hakuna mutu wa kukuuliza wewe ni nani. Ya kwako ikitangulia, nataka haki ya kusimama mimi. Utanipa?"

 Ayikoru alihisi macho yote yakimtazama, akagundua kwamba hana aibu hata kidogo.

"Nakupa," akasema. "Mambo ya kanisa langu na msikiti wako, wakubwa wataongea. Lakini usifanye haraka na hiyo siku ya kunisimamia, umesikia? Sare za Januari bado."

Akasimama, akajipanga kando yake. Acidri alifuta miwani yake kwa muda mrefu. Kisha akaisoma namba ishirini, na ishirini na moja, na ishirini na mbili, na wale wawili hawakuwa wamekumbuka kuketi.