Fasi Mwenze Alituchagulia ku Lufira

"Ni yeye! Mwenze njo ameua bwana yangu!"

Miye njo nilipiga ile kelele...

Mukono yangu ya kuume ilikuwa imenyooka, kidole mbele ya uso yake. Nyuma yangu mayi ya muto Lufira ilikuwa nyekundu. Kiisha ikarudia rangi yake, sawa vile hakuna muntu aliingia mule.

 Mwenze alikuwa amelowa mayi mpaka ku kichwa, panga mukononi.

Aliangalia kidole yangu. Kiisha akaangalia mukono yangu ingine, ya kushoto, yenye ilikuwa ingali imeshika ufagio ya majani.

Aliangalia ile ufagio wakati murefu sana...

Akafunga macho.

Bajukuu wangu, mbele niendelee, mujibu hii kitendawili: *Mulango iko, ukuta haiko, kifungulo haiko. Mwenye anaijua hapiti. Mwenye haijui anaibeba, anaenda nayo.*

Mufikiri polepole. Musikimbilie chini ya maandiko kama kuku wameona mahindi!

Miye ni Delphine. Mwaka 1953 nilikuwa na miaka kumi na saba, mimba ya miezi ine, bibi ya Zéphirin. Bwana yangu alikuwa anatumika ku moto wa kuyeyusha shaba, kule Elisabethville. Tulikaa mu kambi ya batumikaji.

Siye batoto ya kambi tulikomea, tangu badogo, mu usafi ya lazima. Kila asubui muzungu wa usafi anapita na kapita yake, musimamizi. Anakuta ganda ya ndizi mbele ya nyumba yako? Amande, unalipa faini! Tawi imeanguka mu njia? Amande! Na masere, watawa wa kike ku masomo, nabo wanaongeza:

"Delphine, mutoto muke muzuri haruki uchafu. Anaokota."

Nilijua kuokota, bajukuu wangu. Niliokota mpaka ikakuwa mu damu.

Mwenze alikuwa rafiki wa Zéphirin, moto moja, zamu moja. Alizaliwa ku Lufira. Kambi yote ilijua kintu kimoja: yeye njo alinilomba wa kwanza. Baba yangu akamufukuza.

"Mutoto yangu hataolewa na muntu wa pori!"

Siku ya ndoa yangu na Zéphirin, Mwenze alicheza kuliko bote. Bantu walicheka... lakini waliweka mu kichwa.

Sasa Zéphirin akapata konge, mapumuziko ya juma moja.

"Tuende Lufira," akasema. "Tutalala karibu na mayi, tutakausha samaki. Mimba yako itapumua, mbali na moshi ya shimini ya kiwanda."

Edith, dada yake mukubwa, akaruka palepale.

"Miye pia naenda! Siwezi kuacha ndugu yangu mu pori na muntu mwenye alikosa bibi."

"Edith," Mwenze akasema, "mudomo yako peke itafukuza samaki yote mpaka Pweto."

Tulicheka. Mungu wangu, vile tulicheka!

Kamio, lori ya mufanyabiashara mumoja, ikatushusha kando ya barabara, asubui. Ilibakia masaa mbili ya miguu. Mwenze akafunga panga mu kiuno.

"Miye natangulia kuchagua fasi, mahali ya kulala. Beye mukuye polepole, Delphine asichoke."

Miye nikamuuliza:

"Unachagua namna gani? Si fasi yote karibu na mayi iko sawa?"

 Akasema na ile sauti yake ya chini:

"Usiangalie uzuri. Usikilize. Mayi yenye kupiga kelele ku majiwe, kaa karibu nayo, haina siri. Mayi yenye kunyamaza... iko na mwenyewe."

"Unaona?" Edith akasema. "Ameanza bulozi, uchawi yake."

"Shemeki, ni kujua pori tu," Zéphirin akamujibu dada yake, akicheka. Alikuwa anamuita shemeki kwa kumuchokoza, sawa vile angeolewa na Mwenze.

Mwenze akageuka mara ya mwisho.

"Ku kichuguu kikubwa njia inagawanyika mbili. Mufuate ile nitaacha wazi. Munasikia?"

"Tunasikia, kapita!" Zéphirin akapiga saluti.

Akaenda.

Miye nilibeba kintu kidogo, kikapo ya unga tu. Njo maana nilikuwa mbele. Zéphirin na Edith walikuwa nyuma na nyungu, nyavu na chumvi. Niliwasikia wanabishana juu ya nani alisahau kiberiti.

Nikafika ku kichuguu.

Njia mbili. Ya kuume ilikuwa nyembamba, miiba, inapanda ku majiwe. Ya kushoto ilikuwa kubwa, laini, inashuka polepole mu kivuli ya miti. Kati ya njia ya kushoto, tawi moja ilikuwa imelala. Tawi ya kijani, majani mingi, mubichi.

Niliona uchafu.

Niliokota.

Niliona hata iko muzuri ya kufagia nayo. Nikaiweka juu ya kikapo.

Zéphirin akafika na jasho.

"Mwenze ameacha gani wazi?"

"Zote mbili ziko wazi," nikajibu.

Edith akapiga chapi ya midomo, kwa zarau. "Muntu wa pori, hata kuonyesha njia hajui. Tushuke ku hii kubwa! Unataka bibi yako apasuke mimba ku majiwe?"

Tukashuka...

Bajukuu wangu, ile fasi! Muchanga mweupe, musafi, sawa vile muntu anaufagia kila siku. Miti mikubwa inainama juu ya mayi. Jua inaingia kidogo kidogo. Hakuna mubu. Hakuna kelele.

Hakuna kelele hata kidogo.

Mwenze hakuwa pale. Tulizania ameenda kutafuta kuni. Edith akaanza kupanga majiwe ya mafika, ya kupikia. Miye nikakamata ile tawi, nikaanza kufagia majani yameanguka. Zéphirin akavua shati, akakamata nyungu, akaingia mu mayi mpaka ku magoti.

Akageuka, akanichekea.

"Delphine! Ona! Mwenze ametuchagulia paradizo!"

Ile njo ilikuwa neno yake ya mwisho.

Mayi ilifunguka mara moja tu. Sikuona kichwa. Niliona mukia. Nyungu ikaelea, inazunguka, inazunguka...

Edith alilia mpaka sauti ikakatika. Miye sikulia. Nilisimama na ufagio yangu.

Mwenze alitokea mu miti upande wa juu, anakimbia, anaita jina yetu moja moja. Hakuuliza. Alijitupa mu mayi na panga, akapiga mayi, akazama, akatoka, akazama tena. Alirudi na kipande ya suruali.

Na miye... nikanyoosha kidole.

"Ni yeye! Mwenze njo ameua bwana yangu! Alituchagulia fasi ya mamba! Alitaka anioe!"

Edith akapata sauti tena.

"Muuaji! Ulimungojea tangu siku ya ndoa!"

Tulienda naye ku tribinali. Kambi yote ilikuya. Muzungu mwamuzi akauliza, mufasiri akageuza:

"Ni weye ulitangulia kuchagua fasi?"

"Ndiyo."

"Ulijua kule kuko mamba?"

"Nilijua. Batoto yote ya Lufira wanajua."

Bantu wakapiga kelele. Mwamuzi akapiga meza.

"Sasa uko na nini ya kusema?"

Mwenze akanitafuta na macho mu ile bantu yote. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi, mimba imeanza kuonekana. Mama mukwe wangu alikuwa amenishika mukono.

"Kosa iko yangu," akasema. "Sikufunga njia."

Sikuelewa. Hakuna muntu wa kambi alielewa. Tulisikia "kosa iko yangu" tu, na ile ilitosha.

Miaka ine ya boloko, gereza! Na kiisha boloko, akatazwe kurudi Elisabethville.

Wakati wanamupitisha na munyororo, Edith akamutemea mate. Miye pia nikamutemea. Ilifika ku shavu. Hakupangusa.

Mutoto akazaliwa. Constantin. Nilimunyonyesha na maziwa na ile hadisi: *Mwenze ameua baba yako.* Mbele ajue kusema "baba", alikuwa anajua kusema "Mwenze mubaya". Bantu walimupigia mikono.

Mwaka 1958 nikaanza kuuzisha samaki ya kukauka. Nikapanda kamio mpaka Pweto, ku ziwa. Mama mumoja, Mama Chomba, akanipokea. Asubui akasema twende ku fasi anakaushia samaki. Miye mbele, yeye nyuma.

Tukafika fasi njia inagawanyika.

Kati ya moja, tawi. Ya kijani, majani mingi, mubichi.

Nikainama kuokota...

"Wacha!!"

Nilishtuka mpaka kikapo ikaanguka.

"Weye mama, uko na wazimu? Unafungua mulango ya bantu!"

"Mulango gani, mama? Ni tawi tu. Ni uchafu."

Mama Chomba akanitazama sawa vile nimesema mayi haiko na mayi.

"Tawi mu njia njo kufunga njia! Mwenye ametangulia anakuambia: usipite, kule kuko lufu, kifo. Kule kuko matope ya kuzama. Hata mutoto ya miaka tatu anajua. Beye kule ku kambi wanawafundisha nini?"

Wanatufundisha kuokota, bajukuu wangu.

 Nilikaa chini palepale mu vumbi. *Mufuate ile nitaacha wazi... Sikufunga njia...* Na ile macho yake ku Lufira, juu ya ufagio yangu!

Mama Chomba alizania ni jua. Akaendelea kusema, akinipepea na kitambaa.

"Kuko muntu mumoja hapa, kila asubui anazunguka kufunga njia mubaya yote. Hakuna mwenye anamutuma. Banasema zamani aliacha moja wazi, rafiki yake akakufa."

"Anaitwa nani?"

Nilijua mbele aseme.

Nilimukuta anashona wavu mbele ya nyumba ya majani. Bibi yake alikuwa anapika ndani, mutoto muchanga mu mugongo. Miaka ine ilikuwa imekula mwili yake; alikuwa anakohoa sawa vile muzee. Aliponiona, hakusimama.

"Delphine. Karibu."

"Uliifunga," nikasema. "Uliifunga njia, na miye nikafungua."

Akaendelea kushona.

"Mwenze! Ulijua?"

"Ile tawi nilikata na mukono yangu. Ningekosaje kuijua?"

"Juu ya nini haukusema ku tribinali?!"

Akakohoa wakati murefu. Kiisha akasema:

"Mama mukwe yako alikuwa amekushika mukono. Uliona namna gani alikushika? Ningesema, ile mukono ingepanda ku shingo. Wangesema ni weye mulozi, umefungulia bwana yako mulango ya mamba. Wangengojea uzae, wakamate mutoto, wakutupe inje. Zéphirin alikuwa rafiki yangu. Ile mimba ilikuwa yake. Kintu gani ingine ilibakia ya Zéphirin?"

Nilikumbuka maneno yangu mubaya yote ya miaka tano. Nilizania yeye ameniharibia maisha juu ya wivu. Kumbe wivu haikuwa na fasi hata ya kusimama pale.

"Narudi Elisabethville," nikasema. "Nasema yote. Kwa Edith, kwa mama mukwe, kwa bote!"

Akatikisa kichwa.

"Constantin iko na miaka ngapi?"

"Ine."

"Bado mudogo. Ngojea akomee. Usiseme sasa."

*Usiseme sasa.* Alisema *sasa*, bajukuu wangu. Lakini masikio yangu ilikamata *usiseme* tu. Nilikubali haraka sana... haraka kama muntu anadumbukia mu kitanda.

Nilinunua samaki yangu. Nikarudi.

Constantin akamaliza masomo, sikusema. Akaoa, sikusema. Mwenze akakufa Pweto, kifua ilimumaliza. Nilipata habari ku soko, nikaendelea kupima samaki. Edith akakufa akilaani jina ya Mwenze mpaka pumzi ya mwisho, na miye nilikuwa nimekaa ku kitanda yake, namupangusa midomo.

Sasa munauliza: juu ya nini leo?

Mujukuu wangu Mado, mutoto ya Constantin, ameleta kijana ku nyumba. Kijana ya heshima. Anatoka Pweto. Tukamuuliza jina ya babu yake...

Akasema Mwenze.

Constantin alisimama mpaka kiti ikaanguka.

"Inje! Damu ya muuaji wa baba yangu haiingii mu nyumba yangu!"

 Yule kijana aliangalia chini, akakamata kofia yake, akatoka. Mado akamufuata mpaka ku mulango, na Constantin akasimama kati, mikono imepanuka. Akafunga njia ya mutoto yake.

Na miye nilikuwa pale, mu kiti yangu, na tonge ya bukari mukononi. Nikanyamaza tena! Miaka makumi saba na zaidi tangu Lufira, na bado nikanyamaza!

Usiku sikulala. Sina nguvu ya kusema mbele ya macho yake, njo maana naandika mbele ya macho yenu bote.

Constantin, mwanangu wa pekee, soma. Baba yako hakuuawa na Mwenze. Mwenze alifunga njia. Ni miye, mama yako, nilitoa tawi. Kutoa, sikujua. Ile Mungu ataangalia. Lakini kunyamaza nilijua, siku kwa siku, na ile haina wa kujibu ila miye.

Muite ule kijana. Umulombe musamaha na magoti chini. Kama utaona haya kupiga magoti, nitapiga miye, hata kama hakuna mwenye ataniinua.

Na beye bajukuu wengine, kitendawili mumeshajua jibu: ni tawi mu njia. Kintu umekuta mahali ambapo haukukiweka, uliza kwanza nani alikiweka, mbele ya kuita uchafu.

Na siku utanyoosha mukono moja kuonyesha muntu mubaya... angalia kwanza ile mukono ingine imeshika nini.